Picha ya Pili ya Bega la Tonton Djibril

Jumamosi hiyo Mwanvua aliamka akiimba. Shule ingefunguliwa Jumatatu! Walimu wa mji wa Likasi walikuwa wamegoma miezi minne kwa kukosa mishahara, na kwa miezi hiyo yote Mwanvua alikuwa amefagia, ameteka maji, na kumsaidia mama yake kuuza samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele katika soko la Kikula, mpaka akaanza kutamani hata hesabu za kugawanya. Sasa wazazi walikuwa wamepatana na walimu kuwalipa wenyewe kidogo kidogo. Kengele ingelia tena, naye angeingia darasa la sita akiwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Nyumbani kwao waliishi watu wanne. Baba yake, Papa Abedi, alikuwa dereva wa lori na siku nyingi alikuwa njiani. Mama yake aliitwa Husna. Wa nne alikuwa Tonton Djibril, mdogo wa baba yake, kijana wa miaka ishirini na sita aliyechora vibao vya maduka. Mtu akitembea mtaa wa Kikula kutoka mwanzo hadi mwisho alisoma kazi ya mkono wake: mkasi wa kinyozi, nyoka wa duka la dawa, kuku wa mgahawa aliyeonekana kufurahia kuliwa. Tonton Djibril alizoea kuzisemesha herufi zake akizichora. "Simama wima, weye R," angesema. "Unamwegemea nani?" Watoto walimzunguka wakicheka, na Mwanvua alicheka kuliko wote.

Mchana huo Mama Husna alikwenda sokoni. Kabla ya kutoka alimwonyesha Mwanvua pasi ya umeme iliyokuwa juu ya kabati. Fishi yake, yaani kile kichwa cha kuchomeka ukutani, ilikuwa imevunjika, na waya zilibaki wazi.

"Pasi hii usiiguse mpaka baba yako alete fishi nyingine. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Alikuwa amesikia kweli. Lakini blauzi yake nyeupe ilikuwa imekaa sandukuni miezi minne na ilikunjika kama jani la kabichi. Henriette, rafiki yake wa nyumba ya pili, alikuwa tayari amenyoosha ya kwake kwa pasi ya makaa. Mwanvua aliiangalia blauzi, akaiangalia pasi. Alikuwa ameona watu wakifanya hivi: unaingiza waya mbili wazi katika matundu ya ukutani, kisha unazikaza kwa njiti za kiberiti. Akafanya hivyo. Pasi ikapata moto. Mkono wa kwanza wa blauzi ukanyooka vizuri sana.

Wakati huohuo Tonton Djibril aliingia kutoka kuoga, miguu mitupu, taulo kiunoni, maji yakimdondoka. Alitaka shati lake lililokuwa nyuma ya meza. Akanyoosha mkono wa kulia kuisogeza pasi, na vidole vyake vikagusa mahali ambapo waya ulikuwa umechubuka.

"Tonton, usi—"

Hakumaliza. Mwili wote wa Tonton Djibril ulikazana na kutetemeka, bega lake la kulia likijikunja kuelekea kifuani, na mkono wake haukuweza kuachia. Mwanvua alitaka kumvuta, lakini alikumbuka somo la mwalimu: aliyeshikwa na umeme hashikwi kwa mkono. Ukutani ulining'inia mwiko mkubwa wa mti wa kusongea bukari, yaani ugali, mkavu kabisa. Akaushika, akaupiga waya mara mbili mpaka ukatoka ukutani. Tonton Djibril akaanguka kwenye sakafu ya simenti.

Alikuwa anapumua. Alifumbua macho akauliza, "Nani amenisukuma?" Kisha akashika bega na kulia kwa maumivu.

Kabla ya kupiga kelele kuwaita majirani, Mwanvua alifanya jambo moja. Aliizungushia pasi gunia lililolowa maji, akaisukuma chini ya kitanda chake.

Mama Husna alipofika mbio kutoka sokoni, kanga yake ikiwa karibu kumdondoka, aliuliza, "Imekuwaje?"

Maji yalikuwa yametapakaa sakafuni. "Ameteleza, mama," alisema Mwanvua.

Hospitalini walipokelewa na Daktari Kalenga, mtu mrefu, mwenye sauti ya upole, aliyeendelea kuja kazini ijapokuwa serikali ilikuwa imeusahau mshahara wake tangu mwaka uliopita. Alimpapasa Tonton Djibril bega taratibu.

"Umeangukaje?"

"Dokta, sikumbuki. Nilitoka kuoga, kisha nikajiona chini."

Daktari akamgeukia Mwanvua. "Ulikuwepo?"

"Aliteleza," alisema Mwanvua. "Akaangukia bega."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine."

Daktari akaandika. Kisha akawapeleka kwa Papa Albert, mzee wa chumba cha eksirei. Watu wa Likasi husema "kupigwa radio", na Papa Albert alikuwa amewapiga radio watu wa mji huo kwa miaka ishirini na mitano. Mashine yake ilikuwa kuukuu, lakini aliifuta kila asubuhi kama mtu anayefuta gari la harusi. Filamu zake alizifungia kabatini, na ufunguo aliuvaa shingoni.

"Niko na filme sita tu, Dokta," alisema. "Na mji wote uko unavunjika."

"Piga moja ya mbele," alijibu daktari. "Kwa mtu aliyeteleza itatosha."

Picha ilipokauka, Daktari Kalenga aliishika mbele ya dirisha. Mifupa ilionekana myeupe juu ya weusi. Hakuna uliovunjika. "Ameumia nyama na mishipa," alisema. "Mkono ukae kwenye kitambaa, mrudi baada ya wiki moja."

Mama Husna alimshukuru Mungu kwa sauti. Mwanvua naye alishusha pumzi. Mambo yamekwisha, alijiambia.

Jumatatu kengele ililia. Wanafunzi waliingia shuleni wakicheza ngoma, na mwalimu mkuu mwenyewe akacheza, tai yake ikiruka begani. Mwanvua aliimba pamoja nao. Lakini kila alipofika nyumbani alimkuta Tonton Djibril ameubana mkono wa kulia tumboni. Maumivu yalikuwa yamepungua, ila mkono haukugeuka kwenda nje hata kidogo.

Hata hivyo Tonton hakukubali kukaa bure. Alichukua brashi kwa mkono wa kushoto akamchorea kinyozi kibao kipya. Kichwa cha mteja kilitoka kama papai, na herufi zote zililala upande mmoja.

"Leo siwaambii kitu," aliziambia herufi zake. "Mimi mwenyewe nimepinda."

Mtaa mzima ulicheka. Mwanvua alijaribu kucheka, akashindwa.

"Weye uko na nini?" Henriette alimwuliza walipokuwa wakitoka shuleni. "Wiki nzima umenyamaza. Shule imefunguliwa, weye unatembea kama mtu wa matanga."

Mwanvua alimwambia yote: waya, njiti, mwiko, gunia. Henriette alisimama katikati ya njia.

"Na daktari hajui?"

"Picha imeonyesha hana kitu. Itabadilisha nini nikisema?"

"Sijui," alisema Henriette. "Lakini daktari alikuuliza. Kama ilikuwa haibadilishi kitu, angekuuliza kwa nini?"

Ijumaa, baada ya kula, Tonton Djibril aliomba dua kama kawaida. Mama Husna na Mwanvua walifungua viganja vyao. Tonton alifungua cha kushoto. Cha kulia kilikataa. Aliunyoosha mkono mbele, akajaribu kukigeuza kiganja kitazame juu, jasho likamtoka usoni, kiganja kikabaki kinatazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu aumie, hakufanya mzaha. Alikitazama tu kile kiganja, kisha akaiendeleza dua kwa mkono mmoja. Sauti yake ilitetemeka alipofika mahali pa kumwomba Mungu amrudishie kazi yake.

Mwanvua aliitikia "Amina", akainamisha uso ili mama asiyaone macho yake.

Kesho yake walirudi hospitalini. Daktari Kalenga aliushika mkono, akajaribu kuugeuza nje. Ulikwama kama mlango uliofungwa kwa ndani.

"Ajabu," alisema. "Picha haina kosa. Basi tutaanza kulinyoosha bega. Litauma, lakini tutalazimisha kidogo kila siku." Akausukuma mkono kwa nguvu zaidi. Tonton Djibril akauma meno na kuguna.

"Dokta, acha!" Mwanvua alisimama. "Usimlazimishe. Hakuteleza."

Daktari akauachia mkono.

"Alishikwa na umeme. Mimi nilichomeka pasi kwa njiti za kiberiti. Mama alinikataza. Tonton aliigusa akiwa na maji mwilini, akatetemeka, na nikautoa waya kwa mwiko wa bukari. Kisha nikaficha pasi chini ya kitanda." Machozi yalimtiririka, lakini maneno hayakusimama. "Yote niliyosema ya kuteleza ni uongo."

"Mwanvua!" Mama Husna alikuwa amejishika kifua.

Daktari aliinua mkono. "Mama, tafadhali, subiri kidogo." Akachutama mpaka macho yake yakawa sawa na ya Mwanvua. "Alipokuwa akitetemeka, bega lilikwenda wapi?"

"Lilijikunja hivi, ndani, kifuani."

Daktari Kalenga alisimama upesi, akaichukua ile picha ya kwanza na kwenda nayo dirishani. Aliitazama muda mrefu. Alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Njooni muone. Kichwa cha mfupa wa mkono kwa kawaida kina umbo kama la fimbo ya kutembelea, kimeinama upande mmoja. Hiki kimekuwa mviringo pande zote, kama ampuli, ile balbu ya taa. Alama hii ilikuwepo wiki iliyopita, nami sikuitambua. Nilikuwa natafuta jeraha la mtu aliyeteleza."

"Maana yake nini, Dokta?" aliuliza Tonton Djibril.

"Mtu akianguka, bega likichomoka, karibu kila mara mfupa hutokea mbele, na picha ya mbele huonyesha wazi. Lakini umeme hukaza misuli yote kwa wakati mmoja. Ile yenye nguvu inauzungusha mkono ndani na kukisukuma kichwa cha mfupa nyuma. Sasa fikiria nimewapiga picha watu wawili kutoka mbele, na mmoja amesimama hatua moja nyuma ya mwenzake. Utajuaje? Lazima uende upande wa pili ukaangalie. Papa Albert!"

Papa Albert alikuja na ufunguo wake. Zilibaki filamu mbili. Alizitazama kama mtu anayewatazama kuku wake wa mwisho, kisha akasema, "Basi, kazi yao ni hii."

Alimlaza Tonton Djibril, akauinua mkono wake pole pole, kidogo tu kutoka ubavuni, na kuiweka filamu juu ya bega ili miali ipite kwapani. Mwanvua na mama yake walitolewa nje, lakini kupitia mlango walisikia kila neno.

"Usipumue, kijana!"

"Papa Albert, tangu niingie humu sijapumua!"

Nusu saa baadaye wote walikuwa dirishani. Safari hii hata Mwanvua aliona. Kulikuwa na kisahani kidogo cha mfupa, na kichwa cha mfupa wa mkono hakikukaa ndani yake. Kilikuwa nyuma, kimening'inia kwenye ukingo, na mbele yake kulikuwa na bonyeo, kama limao lililogongwa kwenye pembe ya meza.

"Kama tungelilazimisha bega hili," Daktari alisema taratibu, "tungekipasua kichwa hiki. Na kama tungengoja miezi, mkono usingerudi tena kama zamani. Sasa tunajua pa kuingilia. Tutamlaza usingizi na kujaribu kukirudisha bila kisu. Bonyeo likikataa, nitafungua kwa mbele, nikinyanyue, nikirudishe, kisha nishone kano moja katika bonyeo lile ili lisikwame tena. Picha hii ndiyo ramani yangu."

Tonton Djibril alimtazama Mwanvua. Msichana alitaka ardhi ifunguke immeze.

"Kwa hiyo," Tonton alisema, "niliokolewa na mwiko wa bukari?"

"Ndiyo, Tonton."

"Na mimi wiki nzima nafikiri nimeanza kuzeeka, naanguka nikitoka kuoga!" Akacheka, bega likamwuma, akacheka tena. Kisha akaacha kucheka. "Uliponiona naumia, ungeniambia, mwanangu. Ningekasirika siku moja. Wiki hii imekuwa ndefu kwangu."

"Nisamehe, Tonton."

"Nimekusamehe. Na hiyo pasi leo itoke chini ya kitanda."

Ilitoka. Mama Husna hakumpiga Mwanvua, lakini alimkalisha chini. "Waya ule ungeweza kumwua. Ungeweza kukuua weye. Baba yako akirudi, utamweleza mwenyewe, kwa mdomo wako, tangu mwanzo." Mwanvua alikubali. Clovis, fundi umeme wa mtaa, alikuja jioni hiyo kutengeneza waya, na hakuondoka kabla ya kuwaita watoto wote wa jirani awaonyeshe kwa nini njiti za kiberiti hazikutengenezwa kwa kazi ile.

Hospitali haikuwa na vitu vingi siku hizo. Mgonjwa alikuja na vya kwake. Lakini Tonton Djibril alikuwa amemchorea karibu kila mtu kibao, na Kikula haikusahau. Mwenye duka la dawa, yule wa nyoka, alileta nyuzi na glavu. Mama wa mgahawa alileta mashuka. Kinyozi alikuja kumnyoa mgonjwa bure. Mama yake Henriette, ambaye ni wa kanisa la kuombea kwa sauti kubwa, aliombea bega lile mpaka wauguzi wakatoka nje kutazama.

Jumanne asubuhi, kwa bahati, umeme wa mji haukukatika. Daktari Kalenga alijaribu kwanza bila kisu, lakini mfupa ulikuwa umekwama kwenye bonyeo lake. Akafungua. Mwanvua na mama yake walikaa kwenye benchi saa mbili. Kisha Papa Albert akapita na mashine yake ndogo ya magurudumu, filamu ya mwisho mkononi. Aliporudi alikuwa anapiga mluzi. Mama Husna akaruka kutoka kwenye benchi akapiga vigelegele kabla ya kuambiwa chochote.

Kwa wiki kadhaa Tonton Djibril alitembea na mkono umefungwa pembeni ya mwili, kiwiko kimekunjwa, kama mhudumu wa mgahawa anayebeba sinia. Watu wa Kikula walimwagiza soda njiani. Alijibu, "Inakuja, bwana, inakuja!" Baadaye alianza mazoezi, na Mwanvua ndiye aliyemhesabia kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Papa Abedi aliporudi safarini, Mwanvua alimweleza yote tangu mwanzo, kwa mdomo wake. Ilikuwa vigumu, lakini haikuwa vigumu kama ile wiki ya kunyamaza.

Siku moja mwezi wa tatu baada ya operesheni, Daktari Kalenga aliwaita. Hakuwapeleka chumbani kwake, bali katika chumba kikubwa walimokaa wanafunzi wa uuguzi zaidi ya ishirini, kalamu mikononi. Dirishani alikuwa amebandika picha tatu za bega.

"Mwanvua," alisema, "nataka wasikie habari hii kutoka kwako. Unakubali?"

Mwanvua aliangalia zile sare nyeupe. Tonton Djibril alimkonyeza jicho. Basi akasema, "Tonton wangu hakuteleza. Alishikwa na umeme kwa sababu ya waya nilizochomeka mimi, na daktari aliponiuliza nikamdanganya." Akaendelea mpaka mwisho. Alipofika kwenye mwiko wa bukari wanafunzi walicheka, naye akacheka pamoja nao.

Daktari akaja kusimama kando yake.

"Sasa na mimi niseme yangu. Picha hii ya kwanza ilikuwa na alama, na sikuitambua. Ningeweza kulificha kosa hilo, na hakuna ambaye angejua. Lakini kesho mmoja wenu atampokea mtu aliyeshikwa na umeme, na kama nimenyamaza, ataliacha bega lake nyuma kama nilivyoliacha mimi. Eksirei inatuonyesha mifupa ilipo. Haituonyeshi ilifikaje hapo. Hilo tunaambiwa na watu, na mtu anayesema ukweli hata kama ameogopa anaisaidia mikono yetu. Mtoto huyu aliogopa wiki nzima, kisha akasimama na kusema. Mwenye kosa asiogope kulitaja mapema. Likitajwa bado linatengenezeka. Andikeni hilo."

Kalamu zikaanza kukwaruza karatasi.

"Na bega lenyewe, Dokta?" aliuliza mwanafunzi mmoja wa nyuma. "Limepona?"

Daktari Kalenga alimgeukia Tonton Djibril, naye hakungoja kuombwa. Aliunyoosha mkono wa kulia pembeni, akaugeuza nje, akauinua juu mpaka vidole vikaelekea dari, akauzungusha mara moja, mara mbili, mara tatu. Chumba kizima kikasimama kupiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, ufunguo wake ukirukaruka shingoni, alikuwa Papa Albert.